Sura ya Saba: Bodi ya Pikapu, Mpako wa Wakala au wa Gereji?

Anayenunua pikapu mpya kwa ajili ya kazi za mkoa wa Katavi hukutana na swali moja kabla gari halijaondoka Dar es Salaam: bodi ya nyuma ipakwe mpako wa kuilinda na wakala anayeuza gari, au gari lichukuliwe kama lilivyo na kazi hiyo ipelekwe gereji ya nje? Anayenunua pikapu iliyotumika huuliza swali hilohilo akiwa tayari na mikwaruzo na madoa ya kutu mbele yake. Swali lina uzito wake, kwa kuwa bodi ndiyo sehemu ya pikapu inayoingiza fedha, na mara nyingi ndiyo inayoanza kuoza.

Sura hii inaeleza kinachoiharibu bodi, mpako wa kupuliza ni kitu gani, wakala na gereji wanatofautiana wapi, na namna ya kuikagua kazi kabla ya kulipa.

Kinachoiharibu bodi

Bati la bodi ya pikapu ni jembamba, takriban milimita moja au pungufu. Juu yake kuna praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, kisha rangi yenyewe na tabaka la kung'arisha. Tabaka zote hizo kwa pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Zimetengenezwa zistahimili jua na mvua. Hazikutengenezwa kuburuziwa mzigo.

Mizigo ya Katavi huishambulia rangi hiyo kwa njia tatu: kukwaruza, unyevu na chumvi.

Kukwaruza ndiko kunakoanza. Viroba vya mawe ya dhahabu vinavyopelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, huwa na kingo kali zinazotoboa kiroba na kuchimba rangi. Majembe ya plau, mapipa ya dizeli na vyuma vya ujenzi hufanya vivyo hivyo. Hata gunia la mpunga kutoka Mpimbwe, ambalo ni laini, hubeba mchanga chini yake, na likiburuzwa linafanya kazi ya msasa.

Unyevu hufuata. Katavi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo pikapu iliyoegeshwa nje hukusanya maji na tope kwenye pembe za bodi, na pale rangi ilipochimbwa, kutu huanza.

Chumvi huharakisha yote hayo, na huja kwa sura nyingi. Mbolea za NPK na CAN zinazopelekwa kwa wakulima wa tumbaku na mahindi ni chumvi za kikemia. Zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, kiasi kwamba vumbi la mbolea lililobaki pembeni huloana lenyewe hata pasipo mvua. Migebuka na dagaa kutoka Karema na Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, husafirishwa na barafu inayoyeyuka au huwa wametiwa chumvi. Chumvi ya Uvinza nayo hubebwa kwenye bodi hizohizo. Mkojo wa mbuzi na ng'ombe una amonia na chumvi, na mfugaji anayepeleka wanyama mnadani huacha unyevu huo ukikauka ndani ya mikunjo ya bati.

*Kwa ufupi:* mkwaruzo hufungua mlango, maji huingia, chumvi huongeza kasi. Kinga yoyote ya bodi ipimwe kwa jinsi inavyozuia mambo hayo matatu kwa pamoja.

Mpako wa kupuliza ni kitu gani

Mpako wa kupuliza ni tabaka nene la plastiki inayonyumbuka kama mpira, linalopulizwa juu ya bati likiwa majimaji, kisha likaganda na kushikana nalo moja kwa moja. Halina nafasi ya hewa chini yake. Uso wake huwa na chembechembe za kukwaruza kidogo, hivyo mzigo hautelezi ovyo.

Malighafi yake ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni poliyurethani, plastiki iliyobuniwa Ujerumani na mkemia Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Hutumika pia kutengeneza magodoro ya sponji na soli za viatu. Ya pili ni poliyurea, ndugu yake wa karibu, ambayo huganda haraka zaidi na haisumbuliwi sana na unyevu. Zote mbili hutokana na kuchanganya vimiminika viwili. Kimoja huwa na isosayanati, kemikali inayofanya mchanganyiko ugande. Kingine ni utomvu wa kutengenezwa kiwandani unaoupa mpako mwili wake.

Biashara hii ilikua Marekani. Kampuni ya Rhino Linings ilianzishwa mwaka 1988 na Line-X mwaka 1993, na majina hayo mawili bado yanasikika popote mpako huu unapouzwa. Kazi yenyewe hufanywa kwa njia tatu:

1. *Mashine ya mgandamizo mkubwa.* Vimiminika hupashwa moto hadi nyuzi 60 au zaidi na kusukumwa kwa nguvu, vikutane kwenye ncha ya bunduki ya kupulizia. Mpako huganda kwa sekunde chache. Mashine ni ya gharama na huhitaji kompresa kubwa pamoja na umeme wa fezi tatu au jenereta ya kutosha.
2. *Chupa na bunduki ndogo.* Mpako huja kwenye chupa, fundi huongeza kigandishi chake, hutikisa, kisha hupuliza kwa kompresa ya kawaida ya gereji. Raptor ya kampuni ya U-POL ni mfano unaojulikana. Huchanganywa sehemu tatu za mpako kwa sehemu moja ya kigandishi. Huganda kwa saa kadhaa, na hukomaa kabisa baada ya siku kadhaa.
3. *Kopo na rola.* Mpako hupakwa kwa mkono kwa rola au brashi. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotoa tabaka jembamba kuliko zote.

Mpako wa mgandamizo mkubwa kwa kawaida hufikia unene wa milimita moja na nusu hadi tatu. Wa chupa huwa chini ya hapo, na wa rola huishia karibu nusu milimita.

Anachouza wakala

Neno "wakala" hapa lina maana ya kampuni inayouza magari mapya kwa idhini ya kiwanda. Kwa mfano, Hilux na Land Cruiser mpya huuzwa nchini na Toyota Tanzania, kampuni ya kundi la Karimjee. Wakala yeyote anaposema gari lina kinga ya bodi, mnunuzi hana budi kuuliza ni kinga ipi, kwani vitu vitatu tofauti vinaweza kuitwa hivyo.

Cha kwanza ni mpako uliopulizwa kiwandani au na wakala mwenyewe kabla gari halijabeba chochote. Huu ndio bora wa wakala: bati ni safi, rangi haijaguswa na mafuta wala vumbi, na mpako unaingia kwenye udhamini wa gari, yaani ahadi ya maandishi kwamba kasoro itatengenezwa bila malipo kwa muda uliotajwa.

Cha pili ni kava la plastiki, umbo gumu lililofinyangwa kama bodi na kuvalishwa ndani yake kwa skrubu au vibano. Kava hili huzuia mawe na vyuma vizuri, linafungwa kwa muda mfupi na linaweza kutolewa gari likiuzwa. Kasoro yake iko chini. Kati ya plastiki na bati hubaki uwazi mdogo. Gari likitikisika kwenye barabara ya vumbi, mchanga huingia kwenye uwazi huo na plastiki huusugua juu ya rangi. Maji ya mvua na ya samaki nayo huingia, na hayapati jua wala upepo wa kuyakausha. Juu kava linabaki linang'aa, chini bati linaliwa. Mwenye gari hugundua siku anapolitoa kava.

Cha tatu ni kazi ambayo wakala huichukua na kuipeleka kwa gereji nyingine, kisha akaiuza kwa bei yake. Hapo mnunuzi analipia kazi ya gereji pamoja na faida ya wakala. Si jambo baya ikiwa wakala anaibeba kazi hiyo kwenye udhamini wake. Ikiwa haibebi, hakuna sababu ya kulipa zaidi.

Maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kukubali:

- Kinga hii ni mpako au ni kava la plastiki?
- Nani anaipuliza, na wapi?
- Unene wake ni milimita ngapi, na umeandikwa kwenye ankara?
- Udhamini unahusu kubanduka na kutu, au kasoro za kiwandani tu?
- Mpako ukibanduka gari likiwa Mpanda, litatengenezewa wapi?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, iwe kwa njia ya Tabora au ya Sumbawanga na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,000. Udhamini unaotaka gari lirudishwe Dar es Salaam kwa doa la ukubwa wa kiganja hauna faida kubwa kwa mtu wa Katavi, kwa kuwa mafuta na siku za kazi zitakazopotea vitazidi gharama ya kulitengeneza doa lenyewe.

Inachouza gereji

Gereji ya nje ni yoyote isiyo ya wakala. Inaweza kuwa karakana ya jijini yenye mashine ya mgandamizo mkubwa, na inaweza kuwa fundi rangi wa Mpanda mwenye kompresa na bunduki ndogo. Faida zake ni tatu: mwenye gari huchagua aina na unene wa mpako, bei hujadiliwa, na fundi aliye karibu huweza kurudia sehemu iliyoharibika siku hiyohiyo.

Hatari yake ni moja, nayo ni maandalizi. Mpako haubanduki kwa sababu ni dhaifu. Hubanduka kwa sababu ulipulizwa juu ya vumbi, mafuta, nta au kutu. Sehemu kubwa ya kazi nzuri hufanyika kabla bunduki haijashikwa, na fundi mwenye haraka hupunguza hapo kwanza kwa kuwa hapaonekani.

Maandalizi sahihi huenda kwa mpangilio huu:

1. Bodi huoshwa kwa sabuni, pembe zote, mpaka maji yanayotoka yawe safi.
2. Hufutwa kwa kiyeyusho cha kuondoa mafuta, kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila mara.
3. Rangi yote hupigwa msasa mpaka mng'ao uishe kabisa. Pale panapong'aa, mpako hautashika.
4. Kutu husuguliwa hadi chuma cheupe kionekane. Palipotoboka hukatwa na kuchomelewa bati jipya, puti haitoshi.
5. Chuma kilichobaki wazi hupigwa praima.
6. Matundu ya kutolea maji, vichwa vya bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi na ndoano za kufungia kamba huzibwa kwa muda. Mpako ukiyafunika matundu, bodi hugeuka beseni; ukizifunika bolti, kazi ya kuishusha bodi siku za mbele huwa ngumu.
7. Kingo za nje, vioo na tairi hufunikwa kwa karatasi na gundi, kwani mpako ukikauka juu ya rangi ya nje hautoki bila kuiharibu.

Majira nayo yana nafasi yake. Isosayanati hupenda maji. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huacha vipovu ndani ya mpako wa poliyurethani. Kwa hiyo kazi ya chupa na ya rola inafaa zaidi kufanyika Katavi kati ya Juni na Septemba, bati likiwa kavu na bila umande. Kiangazi kina adui wake pia, yaani vumbi, hivyo kazi ifanyike ndani ya banda lililofungwa na sakafu iliyonyunyiziwa maji mapema na kuachwa ikauke. Gari lililopulizwa chini ya mwembe kando ya barabara litakuwa na mchanga ndani ya mpako wake.

*Kwa ufupi:* gereji inaweza kutoa kazi sawa na ya wakala au bora zaidi, mradi mwenye gari aione bodi ikiwa imepigwa msasa na kukauka kabla haijapulizwa.

Kupima unene kwa hesabu

Unene ndio unaotangazwa zaidi na kuhakikiwa kidogo zaidi. Upo mtihani rahisi usiohitaji kifaa chochote.

Bodi ya Hilux ya kabini mbili ina urefu na upana wa takriban mita moja na nusu kila upande, na kina cha karibu nusu mita. Sakafu ni mita za mraba 2.25. Kuta mbili za pembeni, ukuta wa mbele na mlango wa nyuma, kila moja ni karibu mita za mraba 0.75, jumla 3. Eneo lote ni kama mita za mraba 5.

Mpako wa unene wa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo bodi hiyo huhitaji lita 5 kwa milimita moja, lita 10 kwa milimita mbili, na lita 15 kwa milimita tatu. Hapo bado hakijahesabiwa kinachopotea hewani wakati wa kupuliza, wala kinachogeuka mvuke mpako unapokauka.

Fundi anayeahidi milimita tatu huku ameshika chupa zenye jumla ya lita 4 anaahidi kisichowezekana. Lita 4 juu ya mita za mraba 5 hazifiki hata milimita moja. Tabaka hilo linaweza kumfaa anayebeba mahindi na mbao, ila lilipiwe kwa bei yake. Aidha, mwenye gari anaweza kumwomba fundi apulize kipande cha bati cha ukubwa wa kitabu sambamba na bodi. Kipande hicho hupimwa unene, hukunjwa na kukwaruzwa kwa kisu bila kuharibu gari.

Jua na rangi ya mpako

Mipako mingi ya bei ya kawaida hufifia juani. Weusi hugeuka kijivu chenye vumbivumbi kwa juu. Huko ni kupoteza sura tu. Kinga ya bati hubaki. Ipo mipako na tabaka za juu zinazostahimili jua, na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa pikapu ya kubeba mbolea na samaki, fedha hiyo ina matumizi bora kwenye unene na maandalizi. Kwa gari la watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako mwonekano ni sehemu ya biashara, inaweza kuwa na maana.

Afya ya anayepuliza

Isosayanati ikivutwa kama ukungu inaweza kusababisha pumu ya kudumu. Mtu akishazoeshwa vibaya na kemikali hiyo, hata kiasi kidogo baadaye huweza kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Fundi anahitaji kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya banda, pamoja na miwani, glavu na nguo zinazofunika mwili wote. Watoto na wapita njia wakae mbali mpaka ukungu utulie. Njia ya rola haitoi ukungu mwingi, na hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua pale vifaa hivyo visipokuwepo. Mwenye gari anayeona fundi wake anapuliza akiwa na fulana na leso usoni aisimamishe kazi.

Fedha na maandishi

Bei mbili hulinganishwa vizuri zikiwa na vitu vilevile ndani yake. Kwa upande wa wakala, ihesabiwe bei ya mpako na gharama ya kurudi kwake ikitokea kasoro. Kwa upande wa gereji, zihesabiwe gharama za mpako, msasa, praima, kuchomelea na siku ambazo gari halitafanya kazi. Kokote kazi inakofanyika, ichukuliwe risiti ya EFD, na pembeni yake karatasi inayotaja jina la mpako, idadi ya lita zilizotumika, tarehe na muda wa udhamini. Kabla gereji haijagusa gari jipya, kisomwe kitabu cha udhamini ili ijulikane kama kutoboa au kupaka bodi kunaathiri ahadi ya kutu iliyomo.

Uamuzi kwa kila aina ya gari

- *Pikapu mpya, wakala anapuliza mpako mwenyewe na kuuandikia udhamini:* akubaliwe. Bati halitakuwa safi kama siku hiyo tena.
- *Pikapu mpya, wakala ana kava la plastiki tu:* likataliwe na anayebeba samaki, mbolea, chumvi au mifugo. Gari lipelekwe kwenye karakana yenye mashine palepale Dar es Salaam kabla ya safari, au lipakwe Mpanda kabla ya mzigo wa kwanza.
- *Pikapu iliyotumika:* kazi ni ya gereji, na fedha nyingi ziende kwenye kutu. Magari yaliyotoka Uingereza na kaskazini mwa Japani yakaguliwe chini ya bodi pia, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji.
- *Pikapu ya machimbo:* mpako peke yake hauhimili mawe yanayotupwa kutoka juu. Upulizwe kwanza, kisha mkeka mzito wa mpira ulazwe juu ya sakafu na utolewe kuoshwa kila wiki.
- *Bodi iliyokwisha kutoboka:* ichomelewe kwanza. Mpako juu ya bati lililooza huficha ugonjwa na kuuacha uendelee.

Baada ya hapo matunzo ni machache: kuosha bodi kwa maji kila baada ya mbolea, samaki au mifugo, kuzibua matundu ya maji, na kuziba mkwaruzo uliofika kwenye chuma kabla ya mvua za Novemba. Mpako wowote, wa wakala au wa gereji, hudumu kadiri bati lililo chini yake lilivyoandaliwa. Basi mnunuzi asiulize kwanza nani anauza; aulize nani atamruhusu asimame na kuitazama bodi ikiwa tupu, kavu na safi kabla haijapulizwa, na kazi ampe huyo.